Kwa nini tokeni ya LUKU haianzi na 8

Pekua risiti za umeme wa LUKU kwa wakala yeyote wa Mbezi Beach, kuanzia Tangi Bovu hadi Africana: hutakuta tokeni inayoanza na 8 wala 9. Tarakimu zile 20 hukatwa nne nne ili mtu asipotee anapobonyeza rimoti, lakini kwa mita ni namba moja nzima, na namba hiyo ina kikomo: 73,786,976,294,838,206,463.

Hiyo ni 2 kwa kipeo cha 66, kasoro 1. Mita zetu hufuata kiwango cha STS, kilichozaliwa Afrika Kusini, na kila tokeni hubeba biti 66. Kwa nini si 67? Biti moja zaidi ingedai tarakimu ya 21. Hata hivyo nafasi haikujaa: zaidi ya robo ya namba za tarakimu 20 hazina kazi, na zote ziko juu ya kikomo. Ndiyo maana hata 7 hutangulia kwa nadra, kama mara 5 katika tokeni 100, ilhali kila tarakimu kuanzia 0 hadi 6 hupata mara 13 au 14.

Kikomo chenyewe kinachambulika bila kompyuta. Kwa kuwa 66 ni shufwa, namba yote ni 8,589,934,591 mara 8,589,934,593. Endelea kugawanya na utaishia kwenye namba tasa: 3 mara mbili, 7, 23, 67, 89, 683, 20,857 na 599,479. Inapendeza, ila haikupi hata yuniti moja ya bure. Usalama wa tokeni hautegemei ugumu wa kutafuta namba tasa. Unategemea ufunguo wa siri uliomo ndani ya mita yako.

Tokeni ikifumbuliwa, biti 2 na nyingine 4 hutaja aina yake, 4 ni za kubahatisha, 24 ni za muda, 16 za kiasi cha umeme na 16 za ukaguzi. Jirani akiingiza tokeni yako, ufunguo wa mita yake hutoa takataka, ukaguzi haukubali, mita inakataa.

Biti 24 za muda ndizo zilizozua kazi. Huhesabu dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, na mwisho wake ni dakika 16,777,216, yaani siku 11,650 na saa kadhaa. Ukizihesabu kwenye kalenda unaangukia tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo sababu kabla ya siku hiyo wateja wa TANESCO walipewa makundi ya ziada ya tarakimu 20 ya kuingiza kabla ya yale ya umeme. Hayakuwa na yuniti. Yalibadili ufunguo, ili hesabu ianze upya bila tokeni iliyokwisha kutumika kukubalika tena. Kwa kiwango cha STS mwanzo mpya ni tarehe 1 Januari 2014, na dakika zitajaa tena tarehe 24 Novemba 2045.