Joto, Halijoto na Ufanisi: Hesabu ya Kuchemsha Maji mbele ya Mafiga ya Bule

Hesabu ya kuchemsha maji ni miongoni mwa hesabu za mwanzo anazokutana nazo mwanafunzi wa fizikia. Kilo za maji huzidishwa kwa joto mahususi la maji, kisha kwa tofauti ya halijoto. Jibu hugawanywa kwa nishati ya kuni zilizoungua, na hapo hupatikana ufanisi wa jiko. Istilahi zimekwisha kuundwa, na Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ilikuwa hatua kubwa katika kazi hiyo. Hata hivyo, istilahi haipimwi kwa kuwamo kamusini tu. Hupimwa pia kwa namna inavyomwongoza au kumpotosha mtumiaji wake, na hesabu hii hudhihirisha jambo hilo vizuri zaidi inapotolewa ubaoni na kupelekwa Bule, katika nyanda za juu za Djugu, kaskazini mwa Bunia.

Joto na halijoto ni dhana mbili. Kikombe cha chai na sufuria ya lita kumi vikichemka pamoja vina halijoto ileile, lakini joto lililoingia katika sufuria ni kubwa mara nyingi zaidi, na kuni zilizoliwa ni hivyo hivyo. Mwanafunzi wa Ituri hufundishwa fizikia kwa Kifaransa, lugha yenye maneno mawili kwa dhana hizo. Anaporudi nyumbani, yote mawili humezwa na neno moto: moto wa kuni, maji ya moto, mwili wa moto. Kiswahili cha vitabuni nacho kimesitasita kati ya halijoto na jotoridi. Halijoto ina nguvu zaidi, kwa kuwa inajieleza yenyewe kuwa ni hali, si kiasi. Jotoridi, iliyounganisha joto na kipande cha baridi, humtaka msomaji akariri tu. Lakini hata halijoto haitoshi bila mfano wa kikombe na sufuria.

Kosa linalofuata si la neno bali la mazoea. Maji huandikwa kuwa yanachemka kwa digrii 100. Ndivyo ilivyo Mombasa na Dar es Salaam, kando ya bahari. Kwa kila mita 300 za kupanda, kiwango hicho hushuka kwa takriban digrii moja. Mahali penye kimo cha mita 1,800 maji huchemka karibu na digrii 94. Tuseme lita 5 zianze kwa digrii 20. Hesabu ya pwani itadai kilojuli 1,680, ilhali mlimani zinahitajika 1,554. Anayetumia namba ya pwani hulipa jiko sifa ya ziada ya asilimia 8 ambayo halikuifanyia kazi.

Ila neno linalohitaji uhakiki mkali ni ufanisi. Asili yake ni kufana, yaani kupendeza na kufaulu, kama shughuli ilivyofana. Katika fizikia neno hilo limepewa kazi ya kutaja uwiano mtupu: nishati iliyopokewa na maji kwa nishati iliyotolewa na kuni. Msomaji wa kawaida anapoambiwa kwamba jiko hili lina ufanisi mkubwa kuliko lile, huelewa kwamba litamfaa zaidi. Je, ni kweli?

Katika vipimo vya kuchemsha maji, vikiwemo vile vilivyochapishwa na shirika la VITA la Marekani mwaka 1985, mvuke unaotoka sufuriani huhesabiwa kuwa nishati iliyotumika vema, takriban kilojuli 2,260 kwa kila kilo. Wachukuliwe wapishi wawili wa kufikirika, kila mmoja na lita zake 5, wakitumia kuni kavu zenye kilojuli 15,000 kwa kilo. Wa kwanza anafunika sufuria, anaondoa kuni mara maji yanapochemka. Ameunguza kilo 0.7, na mvuke uliopotea ni gramu 50. Ufanisi wake ni asilimia 16. Wa pili hafuniki, anaacha maji yatokote hadi nusu kilo iwe mvuke. Ameunguza kilo nzima. Ufanisi wake ni asilimia 18! Mbadhirifu ameshinda.

Kwa maji ya kunywa, ushindi huo ni wa karatasi. Shirika la Afya Duniani huelekeza kwamba maji yakifikia mchemko wa nguvu yametosha. Mvuke unaoendelea kutoka baada ya hapo hausafishi kitu. Na katika Bule kuni si jambo dogo. Huko ndiko walikokusanyika maelfu ya watu waliohama vijiji vyao, na kambi ya Plaine Savo, iliyo karibu, ilishambuliwa usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022, wakauawa watu wapatao 60. Mwanamke anayetoka kambini kutafuta kuni hubeba hatari ambayo haimo katika mlinganyo wowote. Kumwambia kwamba jiko linalokula gramu 300 zaidi ndilo lenye ufanisi ni kuisaliti lugha pamoja na fizikia.

Wataalamu wa majiko wenyewe wameliona tatizo hili, ndiyo maana hupima pia kilo za kuni kwa kila lita inayobaki. Kwa kipimo hicho mpishi wa kwanza ametumia gramu 141 kwa lita, wa pili gramu 222, na mshindi anajulikana bila ubishi. Kipimo hiki bado hakijapata jina lililozoeleka kwa Kiswahili. Ulaji wa kuni lingekuwa pendekezo la kuanzia: kila mwenye mbabula au mafiga husema tayari kwamba jiko linakula au halili. Ufanisi ubakie kwa uwiano wa nishati, na kila unapotajwa iandikwe kando yake kama mvuke umehesabiwa ndani au umeachwa nje.