Msuluhishi Asiyemtaja Mvamizi

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, na Novemba 1 Amin akatangaza kuwa ardhi ya Tanzania iliyo kaskazini ya mto huo ni mali ya Uganda. Azimio la Cairo la 1964 lilikwisha kuwataka wanachama wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika waheshimu mipaka waliyorithi kwa wakoloni. Je, Umoja huo ulifanya nini? Ulijitolea kusuluhisha. Haukumlaani mvamizi.

Sisi tunasema hilo lilikuwa kosa la msingi. Kuwataka mwizi na mwenye nyumba wapatane, huku mwizi bado yumo ndani, si kutopendelea upande. Ni kumpa mwizi nafasi. Libya ilifikia hata kupeleka askari kumtetea Amin. Msumbiji ilipeleka wake kuisaidia Tanzania.

Kampala ilikombolewa Aprili 11, 1979. Julai, katika mkutano wa wakuu huko Monrovia, ndipo baadhi ya viongozi walipopaza sauti: wakailaumu Tanzania kwa kuvuka mpaka!

Hatuidharau kanuni ya mipaka. Nchi changa na nyonge ndizo zinazoihitaji zaidi. Kwa sababu hiyo hiyo tunadai itetewe siku ya kwanza ya uvamizi, si baada ya mvamiwa kujikomboa. Basi makada, tusomapo tamko lolote juu ya vita vya majirani, tuulize kwanza: je, linamtaja mvamizi?