Sifa za Daftari la Kikorea

Kuna binti mmoja Kiandutu, mtaa wa Thika, upande wa kuelekea Makongeni, anayeshona nguo mlangoni mwa nyumba ya mabati. Wateja wakipungua, husogeza kitambaa kando na kufungua daftari la mistari, lile la watoto wa shule. Huandika neno la Kikorea kwa penseli, akalitamka polepole, akalifunika kwa kiganja, kisha akaliandika tena bila kulitazama. Akikosea, hufuta na kuanza upya. Nimemtazama mara nyingi, na kila mara nimeridhika kwamba hii ni kazi ya mkono, yenye miiko na heshima zake, na kwamba wanaoijua wanapungua.

Kikorea kiliingia mitaa yetu kwa mlango wa tamthilia za televisheni. Vijana wengi waliishia kwenye salamu na maneno ya mapenzi. Wachache waliendelea, baadhi yao wakiitazamia ile nafasi ya masomo ya serikali ya Korea, ambayo humweka mgeni mwaka mzima akisoma lugha kwanza, na humtaka afikie daraja la 3 la TOPIK, mtihani wa Kikorea, ndipo aingie chuo kikuu. Daraja la kwanza peke yake linadai maneno 800 hivi. Maneno yenyewe ni ya maisha ya kila siku: maji, wali, kesho, ghali, mgonjwa, dirisha, asante. Hakuna la kujivunia hata moja, na hakuna lugha inayosimama bila hayo.

Herufi zake ni hadithi inayostahili kusimuliwa. Mfalme Sejong alizibuni mwaka 1443 na kuzitangaza 1446, ili mkulima asiyejua maandishi ya Kichina aweze kuandika mwenyewe anachotaka kusema. Leo zimebaki 24. Herufi ya m ni mraba mdogo, umbo la mdomo. Ya n imepinda kama ulimi unavyopinda ukigusa juu ya meno. Na haziandikwi kwa kufuatana tu. Mwandishi huzipanga kwa silabi, mbili, tatu au nne pamoja, kama mwashi wa Thika anavyopanga mawe ya machimbo ya Juja: kila jiwe limechongwa litoshee kwenye nafasi yake, na ukuta ukipinda chini utapinda mpaka juu. Binti yule hujaza ukurasa kwa silabi moja mpaka inyooke. Sijawahi kumwona akiharakisha.

Wenye haraka hujifunza Kikorea kwa herufi za Kizungu wanazozipata kwenye simu, na hapo ndipo sikio linapopotea. Bul ni moto. Ppul, kwa mdomo uliokazwa, ni pembe. Pul, kwa pumzi inayotoka, ni majani. Masikio ya haraka husikia neno moja. Lakini wazee wa Mombasa na Lamu hutenganisha paa la nyumba na paa wa mwituni kwa pumzi hiyo hiyo, na sisi wa bara tuliokipokea Kiswahili chao hatukujisumbua kuipokea pumzi yake. Tulichukua maneno tukaacha ufundi.

Sarufi nayo inafundisha subira. Mkorea husema "mimi chai nakunywa", na chai hubandikwa kiambishi kidogo kuonyesha kwamba ndiyo inayonywewa. Wakati na heshima hujishikiza nyuma ya kitenzi, kwa hiyo msikilizaji hana budi kungoja sentensi ifike mwisho. Kitenzi chetu hufungua mlango kwa nafsi na wakati, ni-li-kunywa, ilhali chao hufunga mlango kwa wakati na heshima. Mswahili hana haja ya kuogopa viambishi, maana amelelewa navyo. Anachojifunza ni kuvipokea kutoka upande wa pili.

Hesabu ina adabu yake pia. Kuna safu mbili za namba: hana, dul, set za kienyeji, na il, i, sam zenye asili ya Kichina. Saa huhesabiwa kwa zile, dakika kwa hizi, ndani ya kauli moja. Wanaoanza hulalamika sana. Hata hivyo, tunaposema thelathini na tatu, thelathini imetoka kwa Waarabu na tatu imetoka kwa mababu wa Kibantu, na sijasikia mtoto wa Thika akilalamika. Mzigo uliobebwa tangu utotoni haulemei.

Tena kuna heshima. Kiandutu kila mwanamke mzee ni shosho, awe wa ukoo wako au asiwe. Kikorea kinataka hivyo hivyo: bibi usiyemjua ni halmeoni, na hata kitenzi huongezewa -si- kwa ajili yake. Aliyelelewa vyema nyumbani hilo halimpi taabu.

Lugha hii iliwahi kuwindwa. Japani iliitawala Korea kuanzia 1910 hadi 1945, na mwaka 1942 wataalamu waliokuwa wakitunga kamusi ya Kikorea walikamatwa. Wawili walifia gerezani. Miswada yao ilipatikana mwaka 1945 ndani ya ghala la stesheni ya Seoul, na juzuu ya kwanza ikachapishwa 1947. Kwetu, katika gereza la Kamiti, si mbali na Ruiru, Ngũgĩ wa Thiong'o alizuiliwa mwaka 1978 bila kushtakiwa, na humo akaandika riwaya ya Kigĩkũyũ juu ya karatasi za chooni. Watu hao walijua thamani ya neno moja lililoandikwa sawasawa.

Leo hakuna askari anayetunyang'anya kamusi. Tunaziacha wenyewe. Imla imefifia, mwandiko umeachiwa simu, na mzazi husimama mbele ya wageni akijisifu kwamba mwanawe hajui ila Kiingereza. Shosho husema Kigĩkũyũ, mjukuu hujibu kwa Sheng iliyokatikakatika, na katikati yao huanguka majina ya nyota, ya magonjwa, ya mimea ya kando ya mto Chania. Wanaolaumu Kikorea kwa upotevu huo wanakosea mshtakiwa, kwa kuwa lugha ya mbali haijawahi kuua ya nyumbani pasipo msaada wa wenye nyumba. Anayeweza kuyatunza maneno 800 ya Seoul kwa penseli na kifutio anaweza pia kuketi na shosho wake na daftari la pili, amwulize majina hayo angali hai. Ni wachache mno wanaolinunua daftari hilo la pili, na mashosho hawatungojei.