Anne Frank katika Buloko ya Munzenze: Tuyapime Maonyesho Haya

Katika inchi za Ulaya kuna desturi ambayo habari zake zimeanza kufika mpaka kwetu. Ni desturi ya kupeleka gerezani maonyesho ya picha juu ya maangamizi ya Wayahudi, yale yanayoitwa Shoah. Katika Uingereza, kwa miaka ya 2000, chama kinachotunza jina la Anne Frank kilisimamisha mbao zake za picha ndani ya magereza, na wafungwa wenyewe walifundishwa kuwaongoza wenzao mbele ya picha na kuwaeleza maana yake. Wenzetu wengine wanaotembelea wafungwa wanauliza: je, jambo kama hilo halifai kwa Goma? Swali ni zuri. Sisi twapenda kulijibu pole pole, kwani jibu la haraka, liwe ndiyo au hapana, litakuwa baya.

Tuanze na kazi yenyewe. Anne alizaliwa Frankfurt tarehe 12 Juni 1929. Wazazi wake walikimbilia Amsterdam, na tangu Julai 1942 walijificha nyuma ya nyumba ya biashara ya baba yake, mpaka tarehe 4 Agosti 1944 walipokamatwa. Alikufa Bergen-Belsen mwanzoni mwa mwaka 1945, akiwa na miaka 15. Baba yake peke yake alirudi, na mwaka 1947 kitabu cha siku zake kilichapishwa. Maonyesho yanayozunguka dunia tangu 1996 yanaweka picha za jamaa hiyo ubavuni mwa picha za matendo makubwa ya wakati ule: huku msichana anacheza mchangani, huku umati unamshangilia Hitler. Hapo pana ustadi wa kweli. Milioni sita ni hesabu ambayo akili haiwezi kuishika. Lakini msichana mmoja anayegombana na mama yake na kuchagua kalamu yake, huyo kila mtu anamjua, kwani anaye nyumbani kwake.

Nguvu hiyo imeonekana hata katika Afrika, tena gerezani. Tarehe 15 Agosti 1994, Nelson Mandela alipofungua maonyesho ya Anne Frank katika Johannesburg, alishuhudia kwamba wao wafungwa wa Robben Island walikisoma kitabu hicho na kupata moyo. Tunaamini. Lakini tuangalie vema ni nani waliokuwa wakisoma. Walikuwa watu waliofungwa kwa kuwa walikataa sheria ya ubaguzi. Walipojiona katika Anne, walijiona pahali pao pa haki.

Munzenze si Robben Island. Anayeijua buloko ile ya Goma anajua kwamba ilijengwa kwa watu mia chache, ikajazwa maelfu. Mwizi wa kuku alilala karibu na mwuaji, na askari karibu na yule aliyemwibia. Wengi hawakuwa wamehukumiwa bado, dosye zao zililala katika parketi. Na asiyekuwa na ndugu wa kumletea chakula alikaa na njaa. Mtu mwenyi njaa, tumsimamishe mbele ya picha za wenyi njaa wa Bergen-Belsen, tumwambie ajifunze kuhurumia? Tusicheke, swali hili ni la kwanza, na kwa upande wetu hakuna maonyesho yanayofaa kama hayatanguliwi na sufuria ya maharage.

Sasa neno lenyewe linalotutia shaka. Katika Kivu, kila mtu atakayeiona picha ya Anne atasema: huyu ni sisi. Mhutu atasema hivyo, Mtutsi atasema hivyo, Mnande, Mhunde na Mnyanga vile vile, na kila mmoja atakuwa na kaburi la kuonyesha. Hatusemi kwamba wanasema uongo. Makaburi yapo: ya Kishishe, mwezi wa Novemba 2022, yapo, ya Beni yapo, ya wakimbizi waliouawa msituni mwaka 1996 na 1997 yapo. Lakini picha inayomwambia kila mtu kwamba yeye ndiye Anne imemfariji tu, haijamfundisha kitu. Tena imempa silaha, kwani yule jirani atawekwa pahali pa Hitler papo hapo, bila kesi. Kule Ulaya, neno la maangamizi linaogopwa. Kwetu limekuwa kama jiwe la kurushiana sokoni.

Je, twasema hivyo kwa kukisia tu? Hapana. Jaribio limefanyika karibu yetu, na wapenda picha wangefanya vema kulijua.

Mwalimu Ervin Staub ni Myahudi wa Hungaria, aliyeokoka akiwa mtoto mwaka 1944 kwa msaada wa barua za ulinzi za Wallenberg. Maisha yake yote amechunguza ginsi chuki inavyopanda ngazi, kidogo kidogo, mpaka kuua. Mafundisho yake yalitumiwa kutunga mchezo wa radio wa Rwanda unaoitwa Musekeweya, ulioanza mwaka 2004. Basi, Shoah ilikwisha kufika kwetu, ila bila picha na bila jina lake. Katika Musekeweya hakuna Mhutu wala Mtutsi. Kuna vilima viwili, Bumanzi na Muhumuro, vinavyogombania bonde lenyi rutuba. Kuna Rutanagira anayewasha moto, na kuna Batamuriza na Shema, kila mmoja wa kilima chake, wanaopendana. Kwa hukumu yetu, huo ni ustadi mkubwa kuliko wa mbao za picha. Msikilizaji hajui mara moja amtafute wapi adui yake. Anamchukia Rutanagira kwa muda mrefu, na siku moja anashtuka kusikia maneno ya Rutanagira yakitoka kinywani mwake mwenyewe. Nabii Natani alifanya hivyo kwa Daudi na mwana-kondoo wa maskini.

Bi Elizabeth Levy Paluck, mwalimu wa Princeton, aliupima mchezo huo kwa mwaka mzima, kati ya watu wa vijiji, waliookoka mauaji, na hata wafungwa. Alichoona, akakichapisha mwaka 2009, ni hiki: mawazo ya ndani ya watu hayakubadilika sana, lakini matendo yao yalibadilika. Walithubutu kusema wasipokubali, na walishirikiana zaidi. Kwa sisi waalimu wa dini, jambo hilo lapasa kutufikirisha, kwa kuwa mara nyingi twafikiri njia ni moja tu, kutoka moyoni kwenda mikononi.

Baadaye mchezo wa namna hiyo ukaletwa kwetu, Kongo ya mashariki, kwa Kiswahili, na jina lake Kumbuka Kesho. Pahali pengine watu waliusikiliza mchezo tu. Pahali pengine nyuma ya mchezo pakawekwa mazungumzo ya radio ya kuwahimiza wasikilizaji wajadiliane. Kila mtu angetazamia kwamba waliojadiliana watapona upesi. Bi Paluck alikuta kinyume, akakiandika mwaka 2010. Walizungumza zaidi, ndiyo. Lakini walikumbuka zaidi makosa waliyotendewa, uvumilivu wao ukapungua, na walipopewa chumvi na kuulizwa kama wataigawia jamaa wasiyoipenda, hao ndio waliokataa zaidi.

Chumvi, ndugu zangu. Hatukuweza kuisoma habari hiyo na kuendelea na kazi yetu kama kawaida. Ni mara ngapi sisi wenyewe tumekusanya vijana, tumetoa maneno mawili ya utangulizi, tukasema: haya, tuzungumze juu ya ukabila! Kisha tukaenda kula, tukifurahi kwamba wamezungumza sana.

Kwa hiyo, kama mbao za picha zinakuja gerezani, twaomba zisije kama zilivyo. Zinakosa ubao mmoja ambao bila huo hazitasema kitu kwa Goma, nao ni ubao wa karatasi za uongo. Mwaka 1903 gazeti moja la Urusi lilichapisha maandishi yaliyosemekana kuwa mpango wa siri wa wazee wa Wayahudi wa kutawala dunia. Mwezi wa Agosti 1921 gazeti la Times la London lilionyesha wazi kwamba ni wizi mtupu: maneno yalinakiliwa kutoka kitabu cha Kifaransa cha mwaka 1864, kilichomchekelea Napoleon III wala hakikutaja Wayahudi. Uongo ulikuwa umekwisha kufunuliwa. Hata hivyo Wanazi waliufundisha shuleni. Sasa tutazame kwetu. Mwezi wa Novemba 1990, gazeti Kangura, ambalo mkubwa wake Hassan Ngeze alikuwa mtu wa Gisenyi, hatua chache kutoka mpaka wa Goma, lilichapisha mpango wa Watutsi wa kuitawala Kivu, likisema kwamba karatasi hiyo iliokotwa Nyamitaba, katika Masisi, mwaka 1962. Ni mtindo ule ule: wazee wa siri, binti za kuolesha kwa hila, ujanja wa kuingia katika kazi za serikali. Ngeze alihukumiwa Arusha mwaka 2003. Karatasi yake haikufungwa pamoja naye. Inatembea hata leo, kwa simu, na tumeisikia ikitajwa na watu wenyi kupokea Ekaristi.

Tuweke karatasi hizo mbili ubavu kwa ubavu, hapo mfungwa wa Munzenze atakuwa na kazi ya akili: hakuna anayemwuliza ni nani aliyeteswa zaidi, anaulizwa tu uongo huu umetengenezwa namna gani. Mwizi na mdanganyifu, tunadhani, watalifahamu somo hilo upesi kuliko sisi.

Wengine watasema: mkilaani chuki ya Watutsi leo, mnawasaidia wenyi bunduki. Hapana. Waliouawa Kishishe waliuawa na M23, na karatasi ya uongo ya mwaka 1990 haimtakasi mwuaji yeyote. Lakini mwezi wa Novemba 2023, katika Goma, watu walimwua mwanajeshi wa jeshi letu wenyewe na kumchoma moto, juu ya sura yake. Yeye alikuwa amevaa nguo za inchi yetu.

Kuna ubao mwingine unaokosekana, na huo utatuuma sisi tunaovaa kanzu. Mwaka 1933 Padri Pagès, wa shirika la Mapadri Weupe, alichapisha kitabu chake kikubwa juu ya Rwanda ya kando ya ziwa Kivu, akiuita ufalme wa Kihamiti katikati ya Afrika. Alipenda watu wale, na kazi yake ina mambo mengi ya kufaa. Lakini hadithi ya Wahamiti, watu waliotoka mbali na kuwatawala wenyeji, ilitoka katika vitabu vya namna hiyo ikaingia shuleni. Na tarehe 22 Novemba 1992, katika Kabaya, Léon Mugesera aliigeuza kuwa amri, akisema watu hao warudishwe Etiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Vivyo hivyo kwa Wayahudi: mbele ya Hitler walikuwako wahubiri. Jules Isaac, mwandishi wa historia ambaye mke wake na binti yake waliuawa na Wanazi, aliyaita hayo mafundisho ya dharau, akaja kumwambia Papa Yoane XXIII uso kwa uso mwezi wa Juni 1960. Papa alikuwa amekwisha kuondoa, mwaka 1959, neno baya lililowahusu Wayahudi katika sala ya Ijumaa Kuu. Mtaguso ulifuata na Nostra Aetate, tarehe 28 Oktoba 1965. Miaka zaidi ya sitini imepita, na bado twasikia Ijumaa Kuu, katika vigango vyetu, katekista akisema Wayahudi walimwua Yezu, naye padri amekaa nyuma yake, kimya. Maonyesho yanayoonyesha makosa ya Wanazi tu, na kunyamaza juu ya hayo, yatatufurahisha sana. Ndiyo sababu hatuyataki hivyo.

Ubavuni mwa hayo tungependa picha ya mfungwa mmoja: Mwenyi heri Bernhard Lichtenberg, padri wa kanisa kubwa la Berlin, aliyewaombea Wayahudi hadharani kila jioni, akakamatwa Oktoba 1941, akafungwa, akafa tarehe 5 Novemba 1943 njiani kupelekwa Dachau. Mfungwa atamwelewa. Alikuwa na dosye kama yeye.

Na juu ya mwendo wa kazi, tusiende kutafuta mbali. Padri Ubald Rugirangoga, aliyefariki Januari 2021, alikuwa mchungaji wa Mushaka, ng'ambo ya Bukavu. Mama yake na ndugu zake wengi waliuawa mwaka 1994. Aliingia magerezani kuhubiri toba, na wauaji waliorudi parokiani aliwaweka katika mafundisho ya miezi sita, kama wakatekumeni, mbele ya kupatanishwa na jamaa za waliowaua na kukaribia tena meza ya Bwana. Miezi sita! Maonyesho hukaa juma mbili, huondoka na gari lake. Kama hakuna padri na makatekista watakaobaki na wafungwa nyuma ya gari kuondoka, afadhali gari lisije.

Limebaki neno juu ya tarehe. Watakaoleta maonyesho watachagua 27 Januari, siku ambayo Auschwitz ilifunguliwa mwaka 1945, na ambayo Umoja wa Mataifa uliiweka kuwa siku ya kumbukumbu. Wajue basi kwamba tarehe 27 Januari 2025, M23 walipoingia Goma, Munzenze nayo ilifunguliwa. Wafungwa zaidi ya 4,000 walitoroka, na wanawake zaidi ya mia moja waliokuwa ndani walinajisiwa. Wengi wao wakafa katika moto pamoja na watoto. Siku hiyo katika Goma ina wafu wake. Tungeomba isomwe Misa kwa ajili ya wanawake wale, hapo hapo uani, kama wakubwa wa gereza watakubali. Mbao za picha zinaweza kungoja juma moja.