Paa lisilo na boriti

Nyumba za kale za Mji Mkongwe wa Zanzibar zilipimwa kwa mkoko. Fundi alilaza boriti za mikoko kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake akapanga mawe na kumwaga chokaa, dari ikapatikana. Kwa kuwa boriti nzuri huishia kwenye mita 3 hivi, chumba nacho kiliishia hapo. Kiliweza kurefushwa, lakini hakikupanuka. Ndiyo sababu hata kumbi za matajiri wa pwani ni ndefu na nyembamba.

Ingia sasa katika Kanisa Kuu la Kristo, kanisa la Kianglikana lililopo Mkunazini, kisha inua macho. Huoni boriti hata moja. Juu kuna tao moja kubwa lililopinda nusu duara, mithili ya jahazi lililofudikizwa, likifunika upana ambao mti wowote wa mkoko usingeuvuka. Wengi huja hapa kwa sababu ya historia ya mahali penyewe, na wana haki. Palikuwa na soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873 kwa mkataba aliotia saini Sultani Barghash. Jiwe la msingi la kanisa liliwekwa siku ya Krismasi mwaka huohuo. Lakini jengo hili linastahili pia kutazamwa kama kazi ya mikono, na kazi hiyo haiishi utamu kwa anayeitazama polepole.

Tuanze na kuta. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, yale yale ya misikiti na nyumba za jirani. Ni jiwe jepesi lenye vitundu, halikubali kuchongwa likawa laini kama marumaru, basi mwashi hulipangilia kwa jicho, akijaza mianya kwa vijiwe vidogo na chokaa. Chokaa yenyewe ni matumbawe pia. Mawe hupangwa juu ya lundo la magogo, moto ukawashwa mpaka yakaiva, kisha yakamwagiwa maji yakafumuka kuwa unga mweupe. Unga huo hufanywa udongo wa kujengea, na ukutani hukaushwa na hewa taratibu. Kadiri miaka inavyopita, chokaa huvuta hewa ya ukaa na kugeuka tena kuwa jiwe. Ukuta wa namna hii huendelea kukomaa baada ya mafundi kwenda zao.

Paa lilidai zaidi. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, alikuwa mwanasheria kwa elimu yake. Alikijua vizuri Kiswahili, na kitabu chake cha kufundishia lugha hii kilikuwa kimeshachapishwa mwaka 1870, kwa hiyo waashi waliweza kuelekezwa kwa lugha yao. Kazi aliyowapa haikuwa ya kawaida kwao: zege la matumbawe yaliyopondwa na saruji ya Portland, litandazwe juu ya kiunzi cha mbao kilichopindwa, liachwe lishike, kisha kiunzi kiondolewe.

Hapo ndipo ufundi unapopimwa. Dari ya boriti hukandamiza ukuta kwenda chini tu. Tao husukuma kuta kwenda nje, mchana na usiku, na kuta zisipokuwa nene na wima hutanuka, paa likapasuka katikati. Uchaguzi wa matumbawe ulisaidia, kwa kuwa zege lake ni jepesi kuliko la kokoto ngumu, na uzito ukipungua msukumo nao hupungua. Paa hilo limekaa juu tangu karne ya 19.

Nenda sehemu ya nyuma ndani ya kanisa, upande wa kisima cha ubatizo. Kuna nguzo za marumaru zilizosimamishwa kichwa chini. Inasimuliwa kwamba mafundi waliziweka hivyo Steere akiwa hayupo, kwa kuwa hawakuwahi kuona nguzo za aina ile, naye aliporudi akaziacha. Wageni hucheka. Mimi huziangalia kwa heshima. Nguzo haisimami kwa sababu ya nakshi zake. Husimama kwa timazi, kwa kitako kilichokaa sawa na uzito unaopita katikati yake. Hayo yote waliyafanya barabara. Walikosa taarifa, hawakukosa ufundi.

Steere alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa hilo. Sifa za jengo huenda kwake, na alizistahili. Lakini askofu hakuponda matumbawe peke yake. Ujuzi wa mawe na chokaa ulikuwa wa waashi wa pwani, na bila wao michoro ingebaki karatasi.

Ujuzi huo bado unahitajika leo. Ukuta wa matumbawe hupumua. Ukipigwa lipu ya saruji, unyevu na chumvi hunaswa ndani, mawe yakaanza kumomonyoka kimyakimya nyuma ya uso unaong'aa. Dawa yake ni chokaa, na chokaa humtaka fundi mwenye subira ya kuiloweka, kuipaka kwa tabaka nyembamba na kusubiri kila tabaka likauke. Kijana anayejifunza kazi hii Zanzibar leo ajue kwamba anashika fani kamili, yenye elimu yake na heshima yake. Anastahili kulipwa kama fundi bingwa, maana majengo ya Mji Mkongwe, makanisa kwa misikiti, yanamtegemea yeye.