Takwimu za vifo zilivyohamisha bajeti ya afya Rufiji na Morogoro

Mwaka 1996, katika Wilaya ya Morogoro Vijijini, malaria ilikuwa ikichukua takriban asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyopotea kwa maradhi na vifo. Fungu lake katika bajeti ya afya lilikuwa asilimia 5. Kifua kikuu, kilichosababisha chini ya asilimia 4 ya hasara hiyo, kilitengewa asilimia 22. Hakuna aliyekusudia watoto wakose dawa za malaria. Bajeti ilipangwa kama ilivyozoeleka: makadirio ya mwaka uliopita yanachukuliwa, yanaongezwa kidogo, na fedha za wafadhili zinabaki pale zilipoelekezwa na wenyewe.

Miaka michache baadaye mgawanyo huo ulikuwa umebadilika, Morogoro na Rufiji pia. Watafiti hulalamika kwamba serikali haisomi ripoti zao, na watendaji hulalamika kwamba ripoti hizo haziwasaidii kuamua. Katika wilaya hizi mbili utafiti ulifika kwenye uamuzi, na ulifika kwa sababu uliandaliwa tangu mwanzo kwa ajili ya kikao cha bajeti, na waliokaa kwenye kikao hicho walikuwa na fedha wanazoweza kuzihamisha.

Swali lilianzia mbali. Mwaka 1993 Benki ya Dunia ilichapisha ripoti ikidai kwamba nchi maskini zingeweza kupunguza maradhi kwa kiasi kikubwa kwa kifurushi cha huduma za msingi chenye gharama ya dola 12 kwa mtu kwa mwaka. Tanzania ilikuwa ikitumia kama dola 8. Wizara ya Afya, pamoja na Kituo cha Kimataifa cha Utafiti wa Maendeleo cha Kanada, wakaamua kulipima dai hilo kwa vitendo kupitia mradi uliojulikana kwa kifupi chake, TEHIP. Zilichaguliwa wilaya mbili: Morogoro Vijijini, na Rufiji ya wakati huo, kabla Kibiti haijawa wilaya. Kila moja iliruhusiwa nyongeza ya hadi dola 2 kwa mkazi. Zilichoweza kutumia kwa tija kilikuwa kama senti 80 za dola.

Kuhesabu vifo visivyofika hospitali

Kazi ya kwanza ilikuwa kujua watu wanakufa kwa nini. Daftari la hospitali halitoshi, kwa kuwa linamhesabu aliyefika, na vijijini wengi hufia nyumbani. Mganga mkuu wa wilaya anayelitegemea daftari hilo anawaona wagonjwa wa karibu na barabara, lakini wa bonde la Mto Rufiji wakati wa masika hawaoni.

Ndiyo maana takwimu zilichukuliwa kwenye kaya. Morogoro kulikuwa tayari na mradi wa serikali wa kufuatilia vifo ulioanza mwaka 1992. Rufiji, mfumo wa aina hiyo ulianza mwaka 1998 na kuhusisha watu wapatao 85,000. Mdadisi alipita kila kaya mara tatu kwa mwaka akiandika nani amezaliwa, nani amehamia, nani ameondoka, nani amefariki. Katikati ya mizunguko, watoa taarifa wa vijiji waliripoti misiba na vizazi.

Palipotokea kifo, msaili alikwenda baada ya siku za matanga na kuzungumza na aliyemuuguza marehemu. Homa ilianza lini? Alikuwa anakohoa? Alipumua kwa shida? Alipata degedege? Mlimpeleka wapi kwanza, na wapi baadaye? Majibu yalisomwa na madaktari wawili, kila mmoja peke yake, na wasipokubaliana juu ya chanzo cha kifo, wa tatu aliamua. Usahihi wa njia hii haufikii ule wa maabara, lakini hesabu yake ilimgusa mtoto ambaye kwa takwimu za hospitali hakuwahi kuugua.

Mahojiano hayo yalibomoa dhana iliyokuwa imejengeka. Ilisemwa mara nyingi kwamba watoto wanakufa kwa malaria kwa sababu wazazi wanakimbilia kwa waganga wa jadi, hasa mtoto akipata degedege. Utafiti wa Rufiji ulionyesha kwamba karibu wanne kati ya kila watano waliofariki kwa malaria walitafuta kwanza tiba ya kisasa. Basi tatizo kubwa halikuwa ujinga wa mama. Lilikuwa umbali, kuchelewa, na ubora wa huduma alioukuta. Ukishajua hivyo, huwezi tena kumaliza fedha kwenye mabango ya kuhimiza watu waende zahanati. Unazipeleka kwenye zahanati yenyewe.

Mchoro mmoja wa nguzo

Kama mambo yangeishia hapo, tungekuwa na makala nzuri za kitaaluma na basi. Hatua iliyofuata ndiyo inayopaswa kuigwa. Takwimu ziligeuzwa kuwa michoro ya nguzo ambayo timu ya afya ya wilaya iliweza kuisoma kwa mtazamo mmoja. Haikuorodhesha mamia ya magonjwa. Ilionyesha sehemu ya mzigo wa maradhi ambayo kila huduma inaweza kuipunguza: vyandarua vyenye dawa, matibabu ya watoto, uzazi salama, chanjo, kifua kikuu. Zana nyingine iligeuza bajeti na matumizi kuwa michoro ya namna hiyohiyo. Ukiiweka miwili hiyo sambamba, tofauti kati ya asilimia 30 na asilimia 5 haihitaji mhadhara.

Fedha zilielekezwa zaidi kwenye malaria na magonjwa ya watoto. Wahudumu walifundishwa kwa siku 11 mwongozo wa kumchunguza mtoto kwa ujumla: anayeletwa na homa anaangaliwa pia kikohozi, kuhara, masikio, lishe na kadi ya chanjo. Vituo vya afya vilipewa jukumu la kusimamia zahanati zilizo jirani navyo, na redio za mawasiliano zikafungwa ili zahanati ya mbali iweze kuomba dawa au usafiri bila kumtuma mtu safari ya kutwa nzima. Wanavijiji walikarabati majengo ya zahanati zao kwa nguvukazi na vifaa vilivyopatikana kwao. Hapo ndipo uwezo wa jamii kuhimili maradhi ulipojengeka, kwa kuwa jengo lililosimamishwa na kijiji lina wenyewe wanaouliza dawa zimekwenda wapi.

Matokeo na mipaka yake

Rufiji, vifo vya watoto wachanga vilishuka kutoka 100 kwa kila vizazi hai 1,000 mwaka 1999 hadi 72 mwaka 2000. Katika miaka mitano iliyoishia 2003, vifo vya walio chini ya miaka mitano katika wilaya hizo mbili vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Takwimu hiyo husifiwa sana, na inastahili kusomwa kwa makini. Kipindi hicho mengi yalibadilika kwa pamoja: vyandarua vilienea, na mwaka 2001 nchi iliacha klorokwini kama dawa kuu ya malaria ikahamia SP. Tathmini iliyozilinganisha Morogoro Vijijini na Rufiji na majirani zao Kilombero na Ulanga, kati ya 2000 na 2002, ilikuta vifo vya watoto katika wilaya za mradi vikiwa chini kwa asilimia 13, tena kwa kiwango ambacho kitakwimu hakiondoi shaka. Kilombero na Ulanga nako kulikuwa na mradi mkubwa wa vyandarua ulioongozwa na watafiti wa kituo cha utafiti cha Ifakara, uliochangia kuzaa Hati Punguzo ya kitaifa ya vyandarua mwaka 2004. Kwa hiyo si sahihi kuipa zana moja sifa zote. Kilicho sahihi ni kwamba gharama ya kumhudumia mtoto haikupanda kuliko kwa majirani, na huduma aliyopata ilikuwa bora zaidi.

Tahadhari nyingine inahusu kuzisoma asilimia kama mizani. Magonjwa yenye chanjo yalichukua asilimia 4 tu ya hasara ya Morogoro huku yakitumia asilimia 30 ya bajeti. Mwenye haraka atasema fedha hizo zikatwe. Mzigo huo ulikuwa mdogo kwa sababu chanjo inafanya kazi. Ikiondolewa, surua inarudi. Mzigo wa maradhi unaeleza hali ilivyo leo. Uamuzi mzuri unahitaji pia kujua hali itakavyokuwa huduma ikipunguzwa.

Wizara ilizisambaza zana hizo kwa wilaya nyingine, na mfuko wa pamoja wa fedha za afya ukazipa halmashauri ruzuku ambayo zingeweza kuipanga zenyewe. Bila ruzuku hiyo mchoro ungebaki mapambo ukutani. Anayefadhili utafiti wa sera leo, uwe wa afya, mafuriko au njaa, ajiulize mambo matatu kabla ya kutuma wadadisi: nani atakaa kwenye kikao, kikao ni mwezi gani, na ana shilingi ngapi anazoruhusiwa kuzihamisha. Halmashauri nayo idai takwimu za watu wasiofika ofisini kwake, kwa kuwa hao ndio wanaokufa kwanza bajeti inapokosea.