Taa chini ya boneti: kazi ipo kwenye swichi

Ukiwa umebana simu kwa meno, tochi inawaka, na unatafuta nati ya namba 10 iliyodondokea pembeni ya betri, mwanga unao wa kutosha. Kinachokusumbua ni kivuli cha mkono wako mwenyewe. Ndiyo maana nilipoamua kufunga taa za kudumu chini ya boneti ya Probox, niliacha balbu nikachukua mkanda wa LED wa volti 12. Vitaa vyake vimepangwa mstari. Mkono ukiziba hivi, vile vinamulika.

Mahali pa kuubandika nilikosea kwanza. Niliuweka katikati ya boneti, na boneti ilipoinuka taa zikanitazama usoni: taa naziona, injini siioni. Nikaukata vipande viwili vya sentimita 30, kimoja ukingo wa kushoto na kingine wa kulia, mwanga ukapishana juu ya injini. Gundi yake haistahimili joto la pale, kwa hiyo nilisafisha bati kwa spiriti, kisha nikaongeza vifungio vya plastiki kwenye matundu ambayo boneti inayo tayari. Kama boneti yako ina lile godoro jeusi la kuzuia joto, usibandike juu yake.

Mkanda wangu umeandikwa wati 14.4 kwa mita. Sentimita 60 zinakula wati 8.6, yaani ampea 0.7 hivi. Injini ikiunguruma volti hupanda hadi 14 na ushee, taa zikala zaidi na kupata moto, kwa hiyo si za kuacha zikiwaka kutwa. Fyuzi niliweka ya ampea 3, karibu kabisa na betri. Kinacholindwa na fyuzi ni waya zaidi kuliko taa. Waya usio na fyuzi ukichubuka na kupiga shoti, betri inaweza kumwaga mamia ya ampea kwenye uzi mwembamba, na gari likawaka.

Swichi niliyotumia ni ya pini, kama ile ya mlangoni inayobonyezwa mlango ukifungwa. Ina waya mmoja tu, kwa sababu upande wake wa pili ni bodi ya gari; inachokata ni hasi. Chanya kinatoka kwenye betri, kinapita kwenye fyuzi na kupanda hadi kwenye mkanda, kisha hasi inashuka hadi kwenye pini. Usitegemee bawaba zipitishe hasi. Rangi na grisi zitafanya taa zipepese. Waya zote mbili nimezivisha mpira wenye mikunjo na kuziachia ulegevu kwenye bawaba, maana hapo ndipo zinapokunjwa kila siku.

Kuna magari ya Marekani yaliyotoka kiwandani na taa ya boneti yenye swichi ya zebaki: boneti ikiinuka, tone linateleza na kuunganisha umeme. Ufundi mzuri, hauna pini ya kushika kutu. Uliachwa kwa sababu zebaki ni sumu, na gari chakavu likiyeyushwa inapanda hewani.

Turudi kwenye pini, maana ina udhaifu ambao fundi anayeifunga hakutajii. Waya wa hasi ukichubuka ukagusa bati, fyuzi haikatiki, kwa kuwa umeme bado unapita kwenye taa kwa kiasi kilekile. Ni kama boneti iko wazi siku zote. Taa zitawaka humo ndani na hakuna atakayeziona. Kwa muda wa saa 12 zitakula ampea-saa 8 na nusu hivi, wakati betri ya gari dogo huwa na 35 au 45. Betri nzima itavumilia usiku mmoja. Iliyochoka, asubuhi utaomba watu wakusukume. Kwa hiyo niliongeza swichi ya mkono upande wa chanya, pembeni ya fyuzi.

Likabaki swali la friji: utajuaje kama taa inazima mlango ukifungwa? Nilizima injini, nikalaza simu juu ya kifuniko chake ikirekodi video, nikashusha boneti. Kwenye video giza halikuingia. Pini ilikuwa fupi. Nikabandika kipande cha mpira kwenye bati pale pini inapogusa, nikarekodi tena. Safari hii taa zilizima kabla sijasikia kufuli likibana.